Mwasisi wa Nane

Huwa nakasirika watu wakinisifia jambo hili, kwa hiyo acha niliandike mara moja nipumzike. Kwenye chuo kimoja cha Buffalo kuna tawi la chama cha wasichana, kile Wamarekani wanachokiita sororiti. Ukutani, kwenye chumba chao cha mikutano, pametundikwa picha ya waasisi wanane waliovaa magauni meupe. Wa mwisho kulia, mwenye gauni refu kuliko wote, ni mimi. Kila mwaka wasichana wapya wananiandikia kunishukuru. Wananiita dada. Mimi nasoma, nazima simu, naenda kuosha vyombo hata kama ni visafi.

Sisi ni Warundi tuliokulia Tanzania, kambini, upande wa Kigoma. Nikisema sisi nina maana ya watu watatu: mimi, dada yangu mkubwa, na mama mdogo aliyetulea. Mama alifariki sijaota hata meno ya pili, na baba akamfuata baada ya miaka michache. Mama mdogo alikuwa na cherehani ya mkono na ulimi mkali, na kwa hivyo viwili alitukuza. Tulipopata safari ya Marekani tulipelekwa Buffalo, Lower West Side, kwenye nyumba ya mbao ambayo ngazi zake zililia kila ulipokanyaga. Baada ya miaka minne dada, ambaye sasa alikuwa na watoto, akasikia kwamba Louisville kuna kazi za maghala na baridi yake si ya kukata masikio. Wakahama wote. Mimi nilibaki kwa ajili ya chuo.

Nilijifanya jasiri siku ile wanapakia gari. Eti nendeni tu, mimi ni mtu mzima. Mtu mzima gani. Jumatatu mpaka Ijumaa nilikuwa darasani na watu wanaosema habari yako huku wanakupita. Jumamosi na Jumapili nilikuwa Kenmore, nikimtunza bibi mmoja wa Kimarekani, kumlisha, kumgeuza, kumbadilisha. Wikiendi nzima naongea na yeye peke yake, na yeye alidhani mimi ni binti yake aliyehamia Florida. Februari moja nilishikwa na homa nikalala siku nne, na hakuna mkono uliogonga mlango wangu. Siku ya tano niliamka nikaegemea sinki nikalia, si kwa sababu ya homa. Nilikuwa nimeona kwamba hapa mtu anaweza kuoza na jirani akaendelea kutazama mpira.

Kwa hiyo binti mmoja wa Kipuertoriko wa mtaa wetu, tuliyekuwa tunasoma naye, aliponiambia kuna sororiti ya mabinti wa wageni, makao makuu yake yako Columbus, na chuo chetu hakina tawi, sikumwacha hata amalize. Nilisema tulianzishe. Nilisema kama mtu anayeomba maji.

Kulianzisha kulichukua mwaka mmoja na nusu. Mihtasari ya vikao, barua, alama za darasani, jioni za kufagia mitaa na kugawa vyakula, mahojiano, tena barua. Tulianza wasichana kumi na saba. Wengine walichoka, wengine walipata wachumba, mmoja alisema mimi ni mkali mno, na hakukosea. Tukabaki wanane, na wanane ndiyo idadi ya chini kabisa inayokubaliwa. Hatua ya mwisho ilikuwa kiapo. Wote wanane tufike Columbus, Jumamosi moja, tule kiapo pamoja katika nyumba ya chama. Akikosekana mmoja, ombi linafutwa na kazi inaanza upya na kundi jipya. Watano kati yetu walikuwa wanamaliza chuo mwezi uliofuata, kwa hiyo kundi jipya lisingekuwepo. Hilo kila mmoja wetu alilijua, na wa kulijua zaidi nilikuwa mimi niliyewakimbiza huku na huku mwaka mzima.

Mama mdogo alinicheka kwenye simu. "Chama cha kutafuta dada? Kwani huyu niliyekupa ana kasoro gani?"

Nikamwambia huyo yuko mbali.

"Na hicho kiapo cha siri? Mimi nikisikia kiapo na siri kwenye sentensi moja naanza kusali."

Lakini aliposikia kwamba wengine watavaa magauni meupe ya dukani na mimi sijapata la kunitosha, aliniuliza ni la mikono mifupi au mirefu. Wiki mbili baadaye kifurushi kikafika kutoka Louisville. Hakuwa amenipima miaka miwili, alikata kwa vipimo vya kichwani, na gauni likanikaa sawasawa, ila pindo aliliacha refu. Nilipompigia alisema aliliacha makusudi, ili lisionekane kama limeliwa na panya. Alikuwa anakohoa. Nikauliza, akasema ni vumbi la maboksi kazini.

Sasa lazima nieleze tabia yetu moja. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu, wala hakisemwi kwa mtu aliye mbali na watu wake. Unaambiwa fulani anaumwa, njoo. Ukifika, watu wamekwisha kuketi chini, ndipo unashikwa mikono unaambiwa. Baba alipofariki walinifuata shuleni kambini wakasema amezidiwa, twende ukamwone. Nilikimbia viatu viko mkononi nimkute anapumua. Nilikuta mikeka. Na hata Buffalo, jirani yetu mmoja wa Uvira alipigiwa simu kwamba mama yake ana homa kidogo. Alianza kulia palepale, wake za watu wakabandika chai ya msiba kabla hajakata simu, na hawakukosea. Tumelelewa hivyo. Habari inakuja imepunguzwa, wewe mwenyewe unaijaza.

Dada alipiga Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya kiapo. Nilikuwa napiga pasi lile gauni.

"Mama mdogo anaumwa," akasema. "Njoo."

"Anaumwa nini?"

"Njoo tu, mdogo wangu. Usichelewe."

"Nipe niongee naye."

"Hawezi kuongea sasa hivi."

Sauti yake ilikuwa ya chini na ya uangalifu, ya mtu anayebeba chungu kilichojaa. Nyuma yake niliwasikia watu wa kanisa wakiimba wimbo wa taratibu. Sikuuliza mara ya pili. Ukiuliza mara ya pili unamlazimisha mwenzio aseme kisichosemeka, na hiyo ni kukosa adabu. Nilisema sawa dada, nakuja. Nikazima pasi, nikakaa sakafuni, nikamlilia mama mdogo kama anavyoliliwa mtu aliyekwisha kufa.

Na hapa ndipo penye kazi. Nilipokuwa nalia, kichwa changu kilikuwa kinapiga hesabu ya siku. Leo Alhamisi. Kama amefariki, Marekani hawaziki haraka, na ndugu lazima watoke majimbo mengine, kwa hiyo mazishi ni wiki ijayo. Barabara ya kutoka Buffalo kwenda Louisville inapita Columbus, ni njia ileile. Jumamosi nakula kiapo, jioni niko msibani. Marehemu haulizi umefika saa ngapi. Lakini kama angekuwa mzima, ningetakiwa kupanda basi mchana uleule, na wanane tungekuwa saba.

Mungu anisamehe, nilihitaji awe amekufa. Sikutaka afe, nisieleweke vibaya. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliye hai. Ila kati ya mambo mawili yaliyowezekana, moja liliniachia kile nilichokuwa nakililia mwaka na nusu, na nililishika hilo kwa mikono miwili bila kuligeuza niangalie upande wa pili. Desturi ilikuwa upande wangu. Nani angenilaumu kwa kuelewa kama tulivyofundishwa kuelewa?

Yule Mpuertoriko alinikuta bado sakafuni. Nikamwambia mama mdogo amefariki. Sikusema nadhani. Alinikumbatia akalia na mimi, kwa sababu yeye hulia na kila mtu, halafu akaniomba anwani ya nyumba ya Louisville. Nikamwandikia bila kuuliza ya nini.

Ijumaa asubuhi tuliondoka Buffalo kwa magari mawili. Wenzangu walinipa kiti cha mbele, walinipa maji, walinipa shuka la kujifunika. Kitu kimoja tu hawakunipa, nacho ni swali kama nitabaki kwa kiapo au nitapitiliza. Waliogopa jibu. Niliwaona kwenye kioo wakiangaliana, na nikawahurumia, wallahi niliwahurumia wao. Dada alipiga mara mbili tukiwa barabarani. Sikupokea, kwa kuwa nilijua ataniuliza nafika saa ngapi. Nilimwandikia ujumbe, niko njiani. Haukuwa uongo.

Columbus tulipokewa na mama mmoja mwenye mvi zote, mlezi wa matawi mapya. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Akanivuta pembeni, akanipa pole, akasema, "Ukitaka kwenda nenda, hakuna atakayekunung'unikia." Nikamuuliza kama kiapo kinaweza kusogezwa wiki moja. Akatikisa kichwa. Akasema sheria hakuitunga yeye. Nilimwangalia mkononi, alikuwa ameshika orodha yenye majina yetu manane yaliyopigwa chapa vizuri, na langu likiwa la mwisho.

"Ameshakufa," nikamwambia. "Kesho jioni nitakuwa huko." Nililisema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza lilitoka kirahisi.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulivaa nyeupe. Mlangoni palikuwa na kikapu cha simu, kila mmoja akaweka yake, mlango ukafungwa mpaka saa kumi. Yaliyotendeka humo siyaandiki. Niliapa kutoyasema, na kwa kuwa ahadi nyingine zote za siku zile nilizivunja, acha hii moja niitunze. Naweza kusema tu kwamba tulikaa duara, tukashikana mikono, na nilikuwa na furaha. Nalisema kwa sababu ni kweli. Kulia kwangu alikuwepo mtu, kushoto kwangu alikuwepo mtu, na wote wawili walinibana vidole. Niliwaza, sasa nikiugua watabisha hodi.

Tulipotoka tulipigwa ile picha ya ukutani. Kisha nikachukua simu yangu kikapuni. Dada alikuwa amepiga mara kumi na moja. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikampigia.

"Uko wapi?" akauliza.

"Columbus. Ndiyo natoka sasa hivi."

"Columbus. Mdogo wangu, mama mdogo amefariki."

Nilishangaa kidogo kwamba amelisema wazi hivyo, kwenye simu. "Najua, dada. Pole sana."

"Unajua? Nani amekwambia?"

"Nilielewa tangu Alhamisi, uliponipigia."

"Alhamisi ipi? Amefariki leo. Saa nane mchana."

Nikamuuliza, saa nane ya lini. Akarudia, ya leo. Nikamuuliza tena, kama mtoto asiyejua saa. Akakata simu, au mimi nilikata, sikumbuki. Wenzangu walikuwa bado wanapigana picha kwenye majani, wananiita nirudi, wanataka nyingine ya kuchekesha.

Mpuertoriko ndiye aliyenipeleka. Sikumwambia kitu. Niliuma meno nikatazama barabara, na yeye, maskini, akaona anifariji. Tulipopita Cincinnati alisema angalau maua yamefika, ameletewa ujumbe kwamba yamepokelewa saa nne asubuhi.

"Maua gani?"

Maua ya rambirambi. Wenzangu wote saba walichangia, wakaagiza tangu Ijumaa, pamoja na kadi. Aliniambia hata waliyoyaandika: poleni sana kwa kuondokewa na mama yenu mpendwa, apumzike kwa amani. Na majina yetu manane, langu likiwemo, walidhani ningependa liwemo.

Saa nne. Alikuwa na saa nne nyingine za kuishi. Nilimwomba asimamishe gari, nikatapika kando ya barabara, malori yakipita. Alinishika nywele akasema ni uchungu wa kufiwa, utapita. Nilitaka kumpiga. Yeye hakuwa na kosa lolote duniani.

Tulifika Louisville jua likiwa linaelekea kuzama. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni, na safari hii hakuna aliyehitaji kunieleza. Niliingia na koti langu nimelifunga mpaka shingoni, sikulivua, kwa kuwa ndani yake bado nilikuwa na gauni jeupe. Wanawake walisogea wakanipa nafasi kwenye zulia. Jirani mmoja, mama wa Kivu, akanishika magoti.

"Bon, umefika, mtoto," akasema. "Alikuwa nakuuliza tangu juzi. Motokari yote yenye ilisimama apa, anasema, muangalie kama ni yeye. Donc, alikungoya sana. Sana."

Nilitikisa kichwa. Wakaona ni huzuni, wakanipa pole zaidi, na kila pole ilinichoma kuliko tusi. Mtoto wa dada, wa miaka tisa, akaja akakaa karibu nami. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama amekula. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba kadi yetu ilikosea. Ilisema bibi amekufa, lakini bibi alikuwa bado, na yeye alitaka kuirudisha kwa mtu wa maua, mama yake akamkataza.

Nikainuka nikaenda jikoni. Dada alikuwa anaosha vikombe peke yake, amenipa mgongo. Maua yalikuwa mezani, makubwa, meupe, yamefungwa utepe.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Nilikuwa na ujasiri huo, bado najishangaa.

"Nikwambie nini?"

"Kwamba bado yuko hai. Nilijua ndiyo ameshakufa. Tangu lini sisi tunaita watu hivyo kama mtu bado mzima?"

Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, hakuwa na machozi tena. "Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani Alhamisi hiyohiyo. Walisema ni siku mbili. Nilikupigia nimekaa kitandani kwake, nimemshika mkono. Ulitaka niseme anakufa, anisikie? Na simu ningempaje, amevalishwa kile kitu cha kupumulia?" Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nilikwambia usichelewe. Maneno mengine nilikuwa sina."

Nilikuwa nimefungua koti bila kujua, kwa joto la jikoni, na dada akaona pindo.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Aliuliza kama lilikutosha. Nikasema sijui."

Nikamwambia lilinitosha. Nikamwambia mara mbili, kana kwamba angeenda kumfikishia.

Akageukia beseni tena, na akaniambia mengine akiwa amenipa mgongo. Maua yalipokuja mtoto aliisoma kadi kwa sauti, pale chumbani, mbele ya mgonjwa. Bahati ilikuwa kwa Kiingereza. Mama mdogo akakitoa mdomoni kile kitu cha kupumulia akauliza ni nani, na wameandika nini.

"Ukamwambia nini?"

"Ulikuwa umeniandikia jana uko njiani," dada akasema. "Nikamwambia ni wewe. Nikamwambia umeandika hivyo, uko njiani, akusubiri."

"Akasemaje?"

"Akasema nimwinue nimwekee mito, akae ameangalia mlango. Jana usiku daktari alikuwa amesema hafiki asubuhi. Alikaa hivyo mpaka saa nane."